Kufunga mwenyewe vinyunyizio vya ardhini: mwongozo kwa wenye bustani Arusha na Moshi

Mifumo mingi ya kunyunyizia bustani majumbani inashindwa kwa sababu moja: vifaa vilinunuliwa kabla maji hayajapimwa. Mtu anatoka dukani na vinyunyizio kumi, anachimba, anafukia, anafungua koki, halafu vichwa vinachomoza nusu na kutema maji hapo hapo chini. Kuchimba na kuunga mabomba ni kazi ya jasho, na mwenye subira yeyote anaiweza. Akili inatakiwa kwenye hesabu za mwanzo, na ndizo nitakazozikalia zaidi.

Nazungumzia ukoka wa kawaida wa nyumbani, na vile vinyunyizio vinavyokaa ndani ya udongo, vinachomoza maji yakija na kurudi chini yakikatika. Madukani vinaitwa popapu.

Maji yatoke kwenye tanki

Usitegemee bomba la mtaani moja kwa moja. Iwe ni mamlaka ya maji ya AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, msukumo wa bomba hilo hubadilika saa kwa saa, na siku ya mgao haupo. Kibaya zaidi ni kufunga pampu inayovuta kutoka bomba hilo hilo. Unawanyima majirani, na kama kuna ufa mahali, pampu inavuta tope la nje na kuliingiza kwenye maji ambayo watoto wa mtaa mzima wanakunywa. Kwa hilo sina mjadala na mtu.

Maji ya mamlaka yaingie kwenye tanki kwa juu, kupitia floti (koki inayojifunga tanki likijaa), na pampu ivute kutoka chini ya tanki. Nafasi ya hewa iliyopo kati ya mdomo wa floti na uso wa maji inahakikisha maji yenye mbolea na uchafu wa bustani hayarudi kwenye bomba la mtaa.

Swali linalofuata huwa ni hili: tanki langu liko juu ya mnara, si litasukuma lenyewe? Kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya bari 1. Mnara wa mita 3 unakupa bari 0.3, na popapu za kawaida zinataka karibu bari 2 ili zifanye kazi ipasavyo. Ungehitaji tanki lililo mita 20 juu ya bustani. Wenye nyumba kwenye miteremko ya Machame au Marangu, ambao chanzo chao kiko mbali juu ya nyumba, wanaweza kuipata presha hiyo bila umeme. Sisi wa Njiro, Moshono na Kisongo tununue pampu.

Kama maji yako ni ya kisima kirefu au ya mto, kibali cha kuyatumia kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi zake Moshi. Visima vingi vya chini ya Mlima Meru vina floridi kupita kiwango cha kunywa. Kisima cha namna hiyo ukikitumia kwa bustani, unaacha maji safi ya bomba yafanye kazi yake jikoni.

Pampu: soma kibandiko vizuri

Kwenye kibandiko cha pampu utaona Q.max (kiasi cha juu cha maji) na H.max (kimo cha juu cha kusukuma). Pampu ndogo ya nusu hosipawa inaweza kuandikwa lita 40 kwa dakika na mita 40. Wengi wanaelewa kwamba itatoa lita 40 huku ikisukuma mita 40. Haiwezi. Lita 40 ni pale maji yanapomwagika bila kizuizi chochote. Mita 40 ni pale pampu inaposukuma lakini hakuna hata tone linalotoka. Kazi yako iko katikati ya hayo mawili, na hapo katikati pampu hiyo inaishiwa nguvu mapema sana. Mwombe muuzaji akuonyeshe mchoro wa pampu, ule mstari unaoshuka, mara nyingi uko kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Tafuta pampu ambayo kwa mita 25 hadi 30 bado inatoa lita 40 kwa dakika. Mara nyingi hiyo itakuwa ya hosipawa 1, ya kusukuma kwa pangaboi, si ile ndogo ya kupandishia maji kwenye mnara.

Kama tayari unayo pampu, ipime. Funga kwenye mdomo wake tii yenye geji ya presha, na koki mbele ya tii. Washa pampu koki ikiwa wazi, kisha ibane kidogo kidogo mpaka geji isome bari 2.5. Iache hapo, tega ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30, unayo lita 40 kwa dakika katika presha hiyo. Rudia mpaka majibu yafanane. Sasa chukua robo tatu tu ya namba hiyo, yaani lita 30. Robo inayobaki iachie chujio litakaloanza kuziba, umeme utakaoshuka jioni, na pampu itakayozeeka.

Pampu ikae chini ya usawa wa maji ya tanki, kwenye zege, chini ya kibanda kidogo. Waya wake uwe na swichi ya kukata umeme unaovuja na uwe na athi. Hapo tu ndipo ningekuambia umlipe mtu: fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Umeme na maji kwenye nyasi ambazo watoto wanakanyaga bila viatu, usijaribu kubahatisha.

Chora kabla ya kununua

Chukua karatasi ya miraba, mraba mmoja uwe mita 1. Chora nyumba, ukuta, njia ya gari, miti, karo la maji taka, na mahali pa tanki. Kisha panga vichwa.

Kinyunyizio cha nozeli ya kawaida hufika mita 2.5 mpaka 5. Kile kinachozunguka taratibu na kutoa mchirizi mmoja hufika mita 6 mpaka 12 na zaidi. Cha kwanza kinamwaga karibu milimita 40 kwa saa, cha pili kati ya 10 na 15. Usivichanganye kwenye kanda moja (kundi la vichwa vinavyofunguliwa kwa koki moja), maana kwa dakika zile zile upande mmoja utakuwa dimbwi na mwingine mkavu. Kwa viwanja vyetu vya mjini, nozeli za kawaida zinatosha.

Kanuni ya kupanga ni kwamba maji ya kichwa kimoja yafike mpaka kwenye shina la kichwa cha jirani yake. Wauzaji wengi watakuambia uviachanishe mara mbili ya hapo ili ununue vichache. Usikubali. Maji ya kinyunyizio hayaangukii sawasawa, kuna sehemu yanakuwa mengi na sehemu yanapungua, na kichwa cha pili ndicho kinachojazia. Ukipunguza vichwa utaona duara za kijani na pembe za njano kufika Septemba. Mahali pa wazi penye upepo, kama Kisongo, visogeze karibu zaidi.

Tuchukue bustani ya mita 9 kwa 9 na nozeli za mita 4.5. Utahitaji vichwa 9: safu tatu, kila safu vichwa vitatu. Vya pembeni kabisa kwenye kona vinanyunyiza robo ya duara, vya katikati ya kila upande nusu duara, na kimoja cha katikati ya bustani duara zima. Kwa presha ya bari 2 hivi, robo inakula karibu lita 3.5 kwa dakika, nusu lita 7, duara zima lita 14. Jumlisha: kona nne ni 14, pande nne ni 28, katikati 14. Jumla lita 56 kwa dakika.

Pampu yetu inaruhusiwa lita 30. Basi gawa bustani mara mbili. Safu ya kwanza na ya tatu pamoja zinakula 28. Safu ya katikati peke yake inakula 28. Kanda mbili, kila moja na koki yake, zipokezane maji kwa zamu kama wenye migomba wanavyopokezana mfongo, mfereji wao wa maji, kule Uchagani. Kama bustani yako ni kubwa zaidi, ongeza kanda, usiongeze pampu.

Vichwa vya pembeni viache nafasi ya kiganja kutoka ukutani au kwenye njia. Elekeza maji mbali na ukuta: ukuta unaolowa kila siku unabanduka rangi na kuota ukungu.

Dukani

Hapa majina yanachanganya watu. Bomba jeusi la poli linaandikwa milimita za nje: 20, 25, 32. Mitaani wanaliita nusu inchi, robo tatu na inchi moja. Ukisema inchi moja utapewa la 32, na ni sawa, mradi viungio navyo viwe vya 32 vya poli na si vya bomba la chuma. Nenda na kipande cha bomba mkononi, mwambie muuzaji, "Kaka, nijaribishie hapa kwanza," na uingize kila kiungio kabla hujalipa.

Kwa mfano wetu, kutoka pampu mpaka kwenye koki na mpaka mwanzo wa kila kanda tumia bomba la 32, na matawi yake yawe ya 25. Kwa lita 28 kwa dakika, bomba la 25 linapoteza karibu mita 10 za msukumo kila mita 100. La 32 linapoteza kama robo ya hapo tu. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na vichwa visivyochomoza. Chukua bomba lililoandikwa PN10, yaani linalohimili bari 10.

Ongeza hivi: chujio la wavu wa matundu 120 la kukaa baada ya pampu, koki mbili za mpini, valvu ya kuzuia maji kurudi, tii za 25 zenye uzi wa nusu inchi katikati, elbo, vizibo vya mwisho, tepu nyeupe ya nyuzi, na kwa kila kichwa kipande cha bomba laini la kupinda chenye viungio viwili. Kipande hicho wengi hukiruka kwa sababu ya hela. Usikiruke. Mtu akikanyaga kichwa au tairi likipita, bomba laini linapinda. Ukikifunga kichwa moja kwa moja kwenye bomba kuu, kinachovunjika ni tii iliyoko chini ya ardhi.

Vyombo vya kiotomatiki vipo, vyenye valvu za umeme za volti 24 na saa ya kupanga muda. Ni vizuri, lakini chagua saa yenye betri ya akiba, la sivyo kila umeme ukikatika inasahau ratiba. Kwa kanda mbili, mkono wako na koki mbili vinatosha.

Kuchimba

Wakati mzuri ni mwisho wa Mei au Juni, masika yanapoisha. Udongo bado laini, na unakuwa umemaliza kabla ya joto la Septemba na Oktoba. Ukichimba Januari udongo mweusi wa kinamo, sululu itakurudishia mtetemo mpaka begani.

Vitabu vya Ulaya na Marekani vinahimiza mabomba yafukiwe chini sana na yatolewe maji kila mwaka kwa sababu ya barafu. Hapa hakuna barafu ardhini. Sentimita 25 mpaka 30 zinatosha, na sababu ni jembe tu: bomba likae chini ya pale jembe la mtunza bustani linapofika. Linapopita chini ya njia ya gari lichimbie zaidi na ulipitishe ndani ya bomba pana la inchi 2 au 3.

Kabla hujapiga jembe la kwanza, tambua kilichoko chini: bomba la kutoka kwenye mita ya maji, waya wa taa za geti, bomba la kwenda karo. Pale panapotia shaka, chimba kwa mkono na koleo.

Pigilia vigingi mahali pa kila kichwa, nyoosha kamba. Ukoka kata kwa koleo vipande vya upana wa koleo, vyenye mizizi yenye unene wa vidole vitatu, uvipange juu ya turubai kivulini na kuvirashia maji. Udongo weka turubai la upande wa pili. Usichimbe zaidi ya unachoweza kufukia ndani ya siku mbili, maana ukoka uliong'olewa haungoji.

Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, tandaza mchanga chini na juu ya bomba. Udongo huo ukivimba na kunywea huvuta viungio. Kwenye udongo wa changarawe ya volkano, toa tu mawe yenye ncha.

Kuunga

Kata bomba kwa msumeno mkali, mkato uwe mraba. Kisha chukua kisu na uparue ukingo wa nje wa bomba mpaka uwe mteremko mdogo pande zote. Ndani ya kiungio kuna pete ya mpira. Ukingo mkali unaikata au kuikunja, na hutaona chochote mpaka umeshafukia. Legeza nati ya kiungio, pima kwa nje kina ambacho bomba linatakiwa kuingia, weka alama kwa kalamu. Lowesha ncha kwa maji ya sabuni. Sukuma. Bomba litagoma kidogo likifika kwenye mpira, na hapo ndipo wengi wanaacha wakidhani limefika. Endelea kusukuma ukizungusha mpaka alama ifike ukingoni, kisha kaza nati kwa mkono na umalizie kwa spana bila kulazimisha.

Nyuzi zote za plastiki zizungushie tepu nyeupe kufuata upande wa kukaza, mara nne au tano. Ncha za mabomba zilizo wazi zizibe kwa kitambaa wakati wote wa kazi. Chembe moja ya kokoto ikiingia itaishia kwenye nozeli.

Safisha kabla ya kufunga vichwa

Hatua hii nawasihi msiiruke. Ukimaliza kuunga, kabla ya kuweka vichwa, fungua koki ya kanda ya kwanza na uache maji yatoke kwenye matundu yote. Utaona vipande vyeusi vya plastiki, mchanga, nyuzi za tepu. Yakianza kutoka masafi, ziba tundu moja baada ya jingine ukianzia karibu na pampu, ili la mwisho kabisa lipate nguvu yote. Rudia kwa kanda ya pili.

Sasa funga vichwa, uwashe tena, na upite na kitambaa kikavu kwenye kila kiungio. Kilicholowa kaza au kirudie. Acha mfumo ufanye kazi nusu saa huku mitaro ikiwa wazi. Ukiridhika, piga picha ya mitaro yote kwa simu, ukiwa na ukuta au mti ndani ya picha ili ujue bomba liko wapi miaka ijayo. Kisha fukia kwa tabaka, ukikanyaga kila tabaka na kulowesha. Kofia ya kichwa iwe sawa na udongo: ikichomoza, mashine ya kukatia nyasi itaikata, ikizama, nyasi zitaizuia. Kichwa kisimame wima hata kama kiwanja kina mteremko kidogo.

Kwenye mteremko mkubwa, kama Ilboru au Sekei, vichwa vya chini vitaendelea kuchuruza baada ya kuzima, maana bomba zima linamiminika kwao. Nunua vile vyenye kizuizi cha ndani kwa safu za chini.

Makopo

Kusanya makopo matupu ya nyanya yanayolingana, uyatawanye kwenye nyasi, karibu na vichwa na katikati yao. Washa kanda ya kwanza dakika 10, kisha ya pili dakika 10. Pima kina cha maji kwa rula. Kwa mfano wetu, lita 56 juu ya mita za mraba 81 kwa dakika 10 ni karibu milimita 7. Kopo moja likiwa na 3 na jingine 11, tafuta sababu: nozeli imeziba, kichwa kimelala, au pembe yake imegeukia ukutani. Maji yakipaa kama ukungu badala ya matone, presha imezidi. Bana koki kidogo.

Kiangazi, ukoka uliokomaa unatosheka na milimita 25 kwa wiki. Kwa hapa ni dakika 15 kwa kila kanda, mara mbili au tatu kwa wiki. Kila mara lita 840, kwa hiyo tanki la lita 1,000 linatosha zamu moja. Ukifanya mara tatu kila wiki, kwa wiki nne ni kama yuniti 10 (yuniti moja ni lita 1,000) kwenye bili yako ya maji. Fanya hesabu hiyo kabla ya kufunga, si baada ya bili kuja. Juni mpaka Agosti Arusha ina baridi na mawingu, nusu ya hapo inatosha. Masika zima kabisa.

Mwagilia kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Upepo umetulia, jua halijawaka, na majani yanakauka mapema bila kupata ukungu wa magonjwa. Udongo mzito ukianza kutiririsha maji njiani, gawa zile dakika 15 mara tatu za dakika 5, ukipumzisha nusu saa katikati. Maji yanayotiririka kwenye lami ni maji ambayo nyumba nyingine ilikuwa inayangoja.

Chujio lifungue kila wiki mwezi wa kwanza, baadaye kila mwezi, na kila mara baada ya mgao mrefu, kwa sababu maji ya kwanza kurudi huja na tope. Wavu uusugue kwa mswaki wa zamani chini ya maji. Baada ya masika ya kwanza pita na vichwa vyote: udongo uliofukia utakuwa umeshuka, na baadhi vitahitaji kuinuliwa.